Gari la Kumrudisha Kamal

Stanmore,
1 Machi 2025

Sheikha mwenzangu,

Nimeanguka. Usishtuke, si kwenye ngazi wala chooni. Nimeanguka mtihani wa gari.

Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako tungepiga kelele mpaka majirani wa Barking na wa Stanmore wote wakajua. Kukuandikia ujumbe sitaki, maana simu yako anaishika binti yako Haifa, na mambo yangu mengine sipendi yapite kwa watoto. Basi nimetafuta karatasi na kalamu, kama tulivyokuwa tukiandikiana chini ya dawati skuli, Unguja.

Ilikuwa jana asubuhi. Gurpreet, yule msichana wa Kipunjabi anayenifundisha, alinifikisha kituoni, akanishika bega, akaniambia, "Anti, kila kitu unakijua. Pumua tu." Mtahini alikuwa mwanamume mpole, sauti yake ya chini. Tukatoka getini. Sheikha, hata taa za kwanza sikuzifikia! Pale pa kutokea barabara kubwa, gari jekundu lilikuwa linakuja kutoka kulia, mimi nikadhani njia nyeupe, nikaingia. Mtahini akakanyaga breki za upande wake, mkanda ukanibana kifua, na mambo yakaishia hapo. Akaniambia kwa adabu tugeuze turudi.

Gurpreet aliniona uso akajua. "Anti, umeanguka kwenye kiunzi cha kwanza," akasema. Waingereza ndivyo wanavyomsema mtu aliyeshindwa mwanzo kabisa; nadhani wameitoa kwenye mbio za farasi. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikakaa na koti langu mwilini, sikulivua mpaka jua likahama dirishani.

Kwa nini nimeshika usukani umri huu, unajua. Tangu Kamal apatwe na kiharusi yuko kule Thornton Heath, katika nyumba ya wazee, kwa sababu mwanetu Hemal anaishi karibu na ndiye aliyemtafutia nafasi. Sasa daktari amesema anaweza kurudi huku kwetu, mradi awepo mtu wa kumpeleka mazoezini na kumrudisha bila kukosa. Hemal amekigeuza chumba cha kulia kiwe cha kulala, ukuta amepaka rangi mwenyewe. Kimebaki kitu kimoja, leseni yangu. Ameshanikatia tarehe nyingine, kumi na tano Aprili.

Kamal bado hajaambiwa. Sina uso wa kumwambia. Niombee katika dua zako, na mimi nimewasha taa yangu ya sala.

Pushpa


Barking,
5 Machi 2025

Pushpa shoga yangu,

Nimefunga, kwa hivyo sina ruhusa ya kusema uongo: nilipofika pale pa gari jekundu nilicheka. Haifa akaja mbio kutoka jikoni kutazama nimepatwa na nini. Nikamwambia ni mambo ya kizee, rudi kwenye sambusa zako.

Sasa sikiliza. Siku yangu ya kwanza ya kazi hapa London, wakati ule tumetoka Unguja hatuna hata koti la maana, niliwekwa kwenye meza ya kupokea simu. Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mkubwa wa ofisi mwenyewe, nami nikamkatia. Kabla ya chakula cha mchana nimeshaambiwa nichukue mkoba wangu niende. Nililia njia nzima ndani ya basi. Na bado, mwisho wake, nimestaafu nikiwa karani mkuu wa manispaa. Kwa hivyo mara ya kwanza si kitu. Utarudia, utapita.

La pili nakwambia kwa sababu tumekaa dawati moja. Laiti ningeambiwa leo kwamba marehemu mume wangu Riyadh yuko Thornton Heath, amekaa kwenye kiti ananingoja, ningejifunza kuendesha hata ndege. Wewe wako yu hai, Pushpa. Mshukuru Mungu wako na ukaze mkanda.

Jumapili Haifa ana safari ya Croydon, jirani na Thornton Heath. Nitamwambia anishushe nikamtazame shemeji. Usinikataze, kumtazama mgonjwa mwezi huu ni thawabu zangu, usininyime. Masikio hayanitishi. Namwangalia mtu mdomo, nusu naisikia, nusu naikisia.

Sheikha


Stanmore,
7 Machi 2025

Sheikha,

Tafadhali usiende. Naandika haraka niwahi sanduku la posta kabla halijafunguliwa.

Kamal hapendi watu wamwone vile. Upande mmoja wa mdomo umelegea. Kiingereza na Kigujarati vinamkwama, kilichobaki ni Kiswahili chake cha utotoni Wete, nacho kinatoka kimekatikakatika. Wewe na masikio yako, yeye na mdomo wake, mtaishia kuhuzunishana. Ngoja nipite mtihani. Nitakuja kukuchukua Barking mwenyewe, twende pamoja.

Mimi mzima. Nyumba iko kimya. Siku hizi nafungua madirisha hata kwa baridi hii. Kamal hakuwa akipenda upepo. Na juzi nimekaanga vitunguu! Unakumbuka kwao hawali vitunguu wala thomu, na tangu niolewe havijaingia jikoni mwangu. Nikakaa peke yangu nikala kwa mkono, redio nimeifungulia sauti yote. Halafu nikajisikia vibaya, nikaisugua sufuria mpaka mkono ukauma.

Sijui kwa nini nakwambia haya. Usiende, Sheikha.

Pushpa


Barking,
11 Machi 2025

Pushpa shoga,

Barua yako imenikuta nimeshakwenda, na alhamdulillahi kwamba nilikwenda.

Mlangoni alitupokea mfanyakazi mmoja anaitwa Solomon, mtu wa Bukavu. Aliponisikia nasema Kiswahili na Haifa uso wake ukang'aa. "Karibu, maman. Papa eko kwa dirisha." Kiswahili chao kina ladha yake. Yeye ndiye anayemshughulikia shemeji, na naona anampenda. Haifa akaenda zake Croydon, nikaingia peke yangu.

Kamal alinijua pale pale. "Sheikha," akasema, na hilo nililisikia wazi. Amekonda, lakini nywele zimechanwa vizuri na ndevu zimenyolewa. Juu ya kitanda palikuwa na mkoba wazi, nguo nusu ndani, nusu nje. Nikamuuliza, "Shemeji, safari?" Akaupiga ule mkoba kwa mkono wake mzima.

Nikaona hakuna haja ya kumficha mtu mzima. Nikamwambia, "Pushpa ameanguka mtihani wa kwanza, lakini tarehe kumi na tano Aprili anarudia, na siku hiyo hiyo atakuja na gari kukuchukua. Hana hamu nyingine duniani." Pushpa, alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza! Machozi yanamtoka kwenye jicho moja. Akasema, akarudia, akarudia tena: "Nataka nyumbani. Nataka nyumbani." Hata kiziwi kama miye nikasikia.

Haifa aliporudi kunichukua, nilimwombea shemeji dua njia nzima mpaka Barking.

Basi jifunze, shoga yangu. Kuna mtu anakungoja na mkoba.

Sheikha


Stanmore,
16 Machi 2025

Sheikha,

Barua yako nimeiweka juu ya friji, nimeiteremsha nikaisoma, nimeirudisha. Siwezi tena.

Sikudhani njia nyeupe. Lile gari jekundu nililiona. Nililiona vizuri kabisa, na nikakanyaga mafuta.

Asubuhi ile, kabla sijatoka, Hemal alinipigia simu kunitakia heri. Akasema, "Baba atakuwa nyumbani kabla ya Siku ya Akina Mama." Nikamjibu, ndiyo mwanangu. Nikakata simu. Njia nzima Gurpreet anazungumza, na mimi namwona Kamal ndani ya kile chumba cha kulia, ananiita. Pale penye kona nikaliona gari linakuja, nikawaza jambo moja tu: nikiingia sasa, harudi.

Na kuna nililokuficha. Nyuma ya gari lile alikuwapo mwanamke juu ya baiskeli. Gari likakwepa, naye akakwepa, akaanguka kwenye ukingo wa njia. Suruali imechanika gotini, kiganja kina damu. Akanyanyuka, akanijia dirishani. Nikajua sasa natukanwa. Akainama akaniuliza, "U mzima, mama?" Yeye ndiye aliyeniuliza mimi! Ningeua mtoto wa watu ili nisirudishiwe mume wangu.

Kamal si mtu mbaya. Hakuwahi kuninyanyulia mkono. Lakini katika ndoa yangu yote sijachagua hata saa ya kula. Akisema "sisi hatupendi," mimi nilikuwa nusu ya hiyo "sisi" bila kuulizwa. Alipopatwa na kiharusi nililia, na nililia kweli. Halafu wakamchukua, wiki zikapita, na siku moja nikajikuta naimba huku napanda ngazi. Nina furaha, Sheikha. Nina furaha na inaninuka mikononi.

Ndiyo maana nilikukataza kwenda. Sikuogopa umwone. Niliogopa uje uniambie kwamba ananitaka.

Usimwambie mtu.

Pushpa


Barking,
22 Machi 2025

Pushpa,

Tumeingia kumi la mwisho, na mwezi huu sitaki kumtolea mtu neno baya. Kwa hivyo nitaandika machache.

Nilimshika mumeo mkono nikamwambia huna hamu nyingine duniani ila yeye. Umenifanya mwongo na swaumu mdomoni.

Riyadh alinifia hospitali nikiwa njiani, nababaika kituoni sijui treni ipi ni yangu. Ningempokea kipofu. Ningempokea hana miguu. Wewe umerudishiwa wako, ukaingiza gari mbele ya gari ili usimpokee.

Tarehe kumi na tano ipo. Nenda ukaendeshe kama watu. Mpaka upite, usiniandikie.

Sheikha


Stanmore,
17 Aprili 2025

Sheikha,

Uliniambia nisiandike mpaka nipite. Sikupita. Naandika hivyo hivyo.

Hutaniamini, na sina haki ya kukuomba uniamini, lakini safari hii nilijaribu. Baada ya barua yako nilimwomba Gurpreet anizidishie masomo. Jumanne nilitazama vioo, gia nikazishika sawa, ile kona nikaipita, taa nikazipita. Nikafika kwenye kipilefti. Magari yanazunguka, yanazunguka, hakuna hata moja linaloniachia nafasi, na mguu wangu ukaanza kutetemeka wenyewe. Gari likazimika. Nikaliwasha, likazimika. Nyuma wanapiga honi. Alikuwa mtahini yule yule. Akaniambia nisiwe na haraka, na mimi nikalia mbele yake kama mtoto. Nilipotaka kushindwa ilikuwa kufumba na kufumbua. Nilipotaka kupita, mwili ukakataa.

Niliporudi kituoni nikaitazama simu, nikakuta Hemal amenitafuta na kunitafuta. Kamal ameanguka.

Asubuhi hiyo hakutaka kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Solomon alipokwenda kumpa mzee mwengine chai, Kamal akashika ile fremu ya kutembelea, akajikokota peke yake mpaka mlango wa nje. Ulikuwa wazi kwa ajili ya watu wanaoleta mboga. Akateremka ngazi moja. Amevunjika nyonga. Wamempasua jana, bado amelala, hajasema neno.

Muuguzi alimuuliza Hemal mzee alikuwa anakwenda wapi. Hemal akajibu, "Alikuwa anamsubiri mama yangu na gari." Kisha akanigeukia. "Aliijua tarehe, Mama. Sijui nani alimwambia."

Jina lako sikulitaja.

Pushpa


Barking,
19 Aprili 2025

Pushpa wangu,

Ni mimi. Mwambie Hemal ni mimi niliyemwambia.

Na si hilo tu, kwa hivyo usikimbilie kunisamehe. Tangu ile barua yako ya Machi nilijua kwamba huenda gari lisifike. Haifa ana gari, kunirudisha Thornton Heath ni neno moja tu. Ningekwenda nikamwambia Kamal, shemeji, usingoje siku, mambo yamebadilika. Sikwenda. Nilitaka siku ifike, akae, angoje, aone mwenyewe kwamba hukuja. Nilitaka ajue umemfanyia nini. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na nilikuwa nafunga, nasali usiku, watu wananiomba niwaombee dua. Idi ikaja ikapita, wewe sikukupelekea hata salamu.

Kuhusu kipilefti nakuamini. Uongo wako naujua, hauna maelezo mengi hivyo.

Haifa anataka kunileta hospitali. Niambie nije au nisije. Ukisema nisije nitaelewa.

Sheikha


Stanmore,
2 Mei 2025

Sheikha,

Usije kwanza. Na hii barua isome ukiwa umekaa.

Kila siku nakwenda, treni hii nashuka, ile napanda, mwisho basi. Kamal amepata sauti. Juzi Hemal alipotoka kutafuta kahawa nikasogeza kiti karibu na kitanda, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho anachokimudu sasa, na kwa sababu kwa Kigujarati nisingethubutu. Nikamwambia yote. Gari jekundu, mwanamke wa baiskeli, kuimba ngazini. Nikamwambia, "Umeanguka kwa kunisubiri, na mimi sikuwa nataka kuja."

Akasema, "Sikuwa nakusubiri."

Nikadhani maneno yamemchanganyikia. Akaendelea, kidogo kidogo, anapumzika kila baada ya neno. "Nilitoka nikwambie urudi. Kabla hamjanitia garini." Akafumba macho. "Nilimwambia Sheikha. Sitaki nyumbani. Sitaki nyumbani."

Sitaki, Sheikha. Hakusema nataka.

Ule mkoba uliouona, Hemal ndiye aliyekuwa akiufunga kila akienda kumtazama, ili siku ikifika baba yake awe tayari. Akishaondoka, Kamal anatoa nguo moja moja anazirudisha kabatini. Wewe ulimkuta anafungua.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki nimwoshe. Solomon anamwosha, wanapiga soga, akimaliza anakwenda zake kwa mwengine. "Wewe utaniosha," akasema, "halafu utakaa na mimi mezani." Akasema pia kule kuna mzee mmoja wa Mombasa wanacheza karata, na mzee huyo anaiba, na wote wanajua kuwa anaiba. "Nacheka kule," akaniambia. Aliyasema hayo kama mtu anayekiri wizi.

Unajua nilisikia nini moyoni? Hasira. Mimi nimekaa na aibu tangu baridi, nimemwangusha mtu na baiskeli yake, kumbe bwana mwenyewe hanitaki! Nikatoka nje ya wodi nikasimama kwenye korido. Kisha nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, mpaka mgeni mmoja akanipa kitambaa akidhani nalia. Niliporudi, mkono wake mzima ulikuwa umenyooshwa juu ya shuka. Nikaushika. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Lakini daktari amesema hatatembea tena. Hilo halikubadilika kwa sababu tumesemezana.

Pushpa


Barking,
5 Mei 2025

Pushpa,

Kwenye droo ya meza yangu kuna kiboksi. Ndani yake mna vifaa vya kusikilizia, nilipewa hospitali mwaka juzi. Sikuvivaa kwa sababu vinaonekana chini ya mtandio, na sikutaka watu msikitini wanionee huruma. Hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kukwambia. Ulidhani masikio yangu hayana dawa.

Leo nimevivaa. Friji inanguruma kama lori. Haifa anapumua kwa kelele akiwa na mawazo, sikuwa najua.

Nimesimama mbele ya kioo nikasema nataka, nikasema sitaki. Midomo haifanani hata kidogo, Pushpa. Mtu akiwa anamtazama mwenzake kweli, hata mdomo uliolegea, angeona. Miye sikuwa namtazama Kamal. Nilikuwa namwangalia Riyadh, ndiye niliyemsikia.

Nimemwahidi mgonjwa kitu anachonililia nisimpe, nikampa na tarehe. Siwezi kuomba radhi kwa barua. Nitakuja mwenyewe, mkishazungumza na Hemal. Maana Hemal lazima aambiwe, amekipaka rangi chumba kile bure. Mwambieni yote, langu na lako.

Sheikha


Stanmore,
12 Mei 2025

Sheikha,

Hemal ameambiwa. Nakuandikia kabla hujamwona, ili ukija ujue anachokijua na asichokijua.

Lako nililitanguliza. Nikamwambia ni wewe uliyempa baba yake tarehe, kwa nia njema, na kwamba hukusikia vizuri alichokujibu. Hakukasirika. Alisema, "Maskini, Anti Sheikha." Kwa hivyo njoo, usimwogope.

Yaliyobaki tulikubaliana mimi na Kamal tumwambie pamoja. Jana mchana Hemal alipokuja, Kamal akaanza yeye. "Hemal. Mimi nabaki Thornton Heath. Sirudi." Hemal anakielewa Kiswahili, amekisikia tangu mchanga, ila siku zote hutujibu kwa Kiingereza. Akauliza baba yake anasema nini hasa. Kamal akarudia. Akauliza, tangu lini? Kamal akasema, "Tangu mwanzo."

Unamjua mwanangu, hapandishi sauti. Jana aliipandisha, watu wa vitanda vya jirani wakageuka. Akasema ukuta ule ameupaka kwa mikono yake, wikendi baada ya wikendi. Kisha akaninyoshea mkono. "Na Mama? Mama kwa umri huu anajifunza gari kwa ajili yako! Mara ya kwanza amerudi analia, mara ya pili amerudi analia. Ulimtazama anahangaika, na wewe hutaki?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema, Sheikha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sentensi nilikuwa nayo nzima, niliisema ndani ya treni kutoka Stanmore mpaka ikawa nyepesi. Kamal akanitazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Akamgeukia Hemal akasema, "Kweli. Kosa langu."

Nami nikafunga mdomo.

Hemal akaja akanikumbatia. Akaniambia sikioni, kwa Kiswahili, "Pole, Mama. Pole sana." Nikaipokea. Niliipokea yote kama ni yangu, nikampigapiga mgongo mwanangu, nikamwambia yamekwisha. Kamal alikuwa ameugeuza uso wake ukutani.

Nitamwambia. Tangu jana najiambia hivyo. Leo amenipigia asubuhi, akanipigia tena mchana, kuniuliza kama nimekula.

Pushpa